Arthur Rowley na Magoli Yake 434

Ukiwauliza watu wapendao mchezo wa mpira ni nani aliyetia magoli mengi kupita wote katika Ligi ya Uingereza, wengi watajibu upesi kabla hujamaliza kuuliza. Mmoja atasema ni Dixie Dean, yule wa Everton, aliyetia magoli 60 katika msimu mmoja wa 1927–28. Wa pili atasema ni Jimmy Greaves. Wa tatu, ambaye pengine alisimuliwa na babu yake, atamtaja Nat Lofthouse wa Bolton. Wote watatu walikuwa wachezaji hodari sana, wala hapana mtu mwenye akili atakayewadharau. Lakini jibu si mmoja wao. Jibu ni Arthur Rowley, aliyetia magoli 434 katika michezo 619 ya ligi, tangu mwaka 1946 hata 1965, na mpaka leo hajatokea mtu wa kuipita hesabu hiyo.

Ni ajabu ya namna gani, basi, mtu aliyewapita wote kwa kazi yake asijulikane hata jina? Tena liko jambo la ajabu zaidi. Mtu huyu hakuchaguliwa hata siku moja kuichezea timu ya kwanza ya taifa lake. Wako wasemao ya kuwa hakuonewa, kwa sababu magoli yake mengi aliyatia katika madaraja ya chini, mbele ya walinzi dhaifu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, nalo lafaa kupimwa polepole kama mtu apimavyo nafaka, kibaba kwa kibaba.

Kwanza hapana budi kufahamu jinsi ligi ile ilivyopangwa. Tangu mwaka 1950 klabu zote zilikuwa 92. Klabu 22 zilicheza katika Daraja la Kwanza, na 22 katika Daraja la Pili. Zile 48 zilizobaki zilikuwa Daraja la Tatu, nalo lilikuwa na pande mbili, Kaskazini na Kusini; hata mwaka 1958 pande hizo zikavunjwa, yakafanywa madaraja mawili, la Tatu na la Nne. Kila mwisho wa msimu timu mbili za juu katika Daraja la Pili zilipanda kwenda la Kwanza, na mbili za mwisho katika la Kwanza zilishuka. Kwa hiyo mchezaji aweza kubadili daraja bila kuihama klabu yake, kama vile maji yapandavyo na kushuka na chombo kikiwa pale pale.

Arthur Rowley alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926 katika mji wa Wolverhampton, mji wa viwanda vya chuma na makufuli. Nduguye mkubwa, Jack, alikuwa mchezaji wa Manchester United, naye alikuwa na sifa kubwa. Katika fainali ya Kombe mwaka 1948, United ilipoishinda Blackpool kwa magoli 4 kwa 2, mawili yalikuwa ya Jack. Aliichezea Uingereza mara 6 akatia magoli 6, na manne katika hayo aliyatia siku moja, walipocheza na Ireland ya Kaskazini mwaka 1949. Kuzaliwa nyuma ya ndugu wa namna hii si jambo jepesi. Kila mwanafunzi aliyepata kuingia darasa alimopita kaka yake mwenye akili anajua jinsi mwalimu amtazamavyo siku ya kwanza.

Mwanzo wa Arthur haukuwa mwanzo wa kujivunia. Klabu yake ya kwanza katika ligi ilikuwa West Bromwich Albion, na kwa muda wote aliokaa huko alicheza michezo 24 tu akatia magoli 4. Mwishoni mwa mwaka 1948 klabu ikambadilisha kwa mchezaji mwingine, akaenda Fulham, huko London. Watu wa West Bromwich hawakuona kwamba wametoa kitu cha thamani. Lakini huko Fulham mambo yakageuka ghafula. Katika michezo 22 iliyobaki ya msimu ule alitia magoli 19, na Fulham ikawa ya kwanza katika Daraja la Pili, ikapanda.

Msimu uliofuata, wa 1949–50, alicheza kwa mara ya kwanza katika Daraja la Kwanza. Hapo ndipo wanaomshitaki hupata ushahidi wao ulio mzuri, wala haifai kuuficha. Alicheza michezo 34 akatia magoli 8. Ni machache. Fulham ikaona kwamba huyu ni mtu wa daraja la chini, na mwaka 1950 ikamwuza kwa Leicester City, iliyokuwa katika Daraja la Pili. Alikuwa na umri wa miaka 24, na klabu mbili zilikuwa zimekwisha kumwacha.

Umbo lake nalo halikumsaidia. Alikuwa mtu mzito, mwenye kifua kipana, wala hakuwa mwepesi wa mbio. Waliotazama mpira kwa ajili ya madaha na chenga hawakuona mengi ya kuwafurahisha kwake. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu nyingi mno, hata watu wakampa jina la utani, Mpiga Mzinga. Mpira uliosimama, kama wa penalti au wa adhabu nje ya eneo la goli, ukiwekwa mbele ya mguu ule, mlinda goli alikuwa na shughuli kubwa.

Leicester alikaa misimu minane. Katika michezo 303 ya ligi alitia magoli 251. Hesabu hii yataka kusomwa mara mbili, maana ni zaidi ya magoli 8 katika kila michezo 10, tena kwa muda wa miaka minane, katika matope ya Januari na ukungu wa Novemba, na walinzi ambao siku zile waliruhusiwa kumgonga mtu kwa bega bila refa kupiga filimbi. Msimu wa 1952–53 alitia 39. Msimu wa 1956–57 alitia 44, na Leicester yote kwa jumla ilitia 109, ikawa ya kwanza katika Daraja la Pili.

Ule msimu wa 1953–54 unafaa kutazamwa kwa makini na kila apendaye hesabu. Leicester na Everton zilimaliza Daraja la Pili zikiwa sawa, kila moja ina pointi 56. Sheria ya siku zile ilisema ya kwamba timu zikilingana, yagawanywe magoli iliyotia kila timu kwa yale iliyotiwa, na yenye jawabu kubwa ndiyo ya kwanza. Leicester ilikuwa imetia 97 na kutiwa 60. Everton ilikuwa imetia 92 na kutiwa 58. Mwanafunzi na achukue kalamu agawanye. Atapata 1.617 kwa Leicester na 1.586 kwa Everton. Sasa aondoe magoli mawili katika yale 97, kisha agawanye tena. Ataona Everton imekuwa ya kwanza. Rowley peke yake alitia 30 msimu ule. Hata goli lile ambalo watu waliliona halina kazi, la tano siku ambayo timu imekwisha kushinda kwa manne, liliwekwa katika mizani pamoja na mengine siku ya mwisho.

Sasa turudi kwenye shitaka lenyewe, ya kuwa magoli ya chini ni mepesi. Mtu akitaka kusema kweli atakubali kwamba goli la Daraja la Nne si sawa na goli la Daraja la Kwanza. Jimmy Greaves alitia magoli 357 katika Ligi ya Uingereza, na yote, tangu la kwanza hata la mwisho, aliyatia katika Daraja la Kwanza. Jambo hilo Rowley hawezi kulidai. Tena Dixie Dean alitia magoli 379 kwa michezo michache zaidi, 437, kwa hiyo kwa kila mchezo Dean anampita. Asemaye ya kuwa Rowley alikuwa mchezaji bora kuliko hawa wawili amesema neno asiloweza kulithibitisha.

Lakini kusema kwamba alitia mengi chini si sawa na kusema kwamba juu hakuweza. Haya ni maneno mawili, na watu wengi huyachanganya. Kama mtu ataka kujua kama aliweza juu, asihesabu magoli ya chini hata moja. Ayaache yote kando, ahesabu yale ya Daraja la Kwanza peke yake. Leicester ilipopanda ilicheza huko misimu miwili Rowley akiwamo. Msimu wa 1954–55 alicheza michezo 36 akatia magoli 23, ijapokuwa timu yenyewe ilikuwa dhaifu ikashuka. Msimu wa 1957–58 alicheza michezo 25 akatia 20. Jumla ni magoli 43 katika michezo 61, yaani magoli 7 kwa kila michezo 10. Na ukichukua maisha yake yote ya ligi, magoli 434 kwa michezo 619, utapata jawabu lile lile, magoli 7 kwa kila michezo 10. Walinzi wa juu hawakumpunguzia kitu.

Hata tukiuongeza ule msimu mbaya wa Fulham, ili asije mtu akasema ya kwamba umefichwa, tunapata magoli 51 katika michezo 95 ya Daraja la Kwanza. Sasa mlinganishe na Nat Lofthouse, aliyecheza katika Daraja la Kwanza siku zote. Magoli yake ya ligi yalikuwa 255 katika michezo 452. Ukigawanya utaona Lofthouse amemzidi Rowley kidogo sana. Wote wawili wana magoli matano na zaidi kidogo kwa kila michezo 10. Na Lofthouse ndiye aliyeitwa Simba wa Vienna, kwa ajili ya goli la ushindi alilowatia Waaustria mwaka 1952, huku akigongwa na mlinda goli hata akazimia.

Basi wachaguzi walifanya kosa kumchagua Lofthouse? La, hasha. Lofthouse aliichezea Uingereza mara 33 akatia magoli 30, na mtu wa namna hiyo haondolewi. Wala baadaye hawakukosea walipomchagua Tommy Taylor wa Manchester United, aliyetia magoli 16 katika michezo 19 kabla ya kufa katika ajali ya ndege ya Munich, mwezi wa Februari 1958. Kosa lao lilikuwa jingine. Siku zile timu ya taifa ilikuwa na mwalimu wake, Walter Winterbottom, lakini neno la mwisho katika kuchagua wachezaji lilikuwa la kamati ya Chama cha Mpira, wazee waliotoka klabu mbalimbali. Katika miaka minane ya Leicester kamati hiyo haikumwita Rowley hata mara moja ili ajaribiwe katika timu ya kwanza. Alipewa mchezo mmoja tu katika timu ya pili ya Uingereza, basi.

Wanaoitetea kamati husema ya kuwa haikuwa desturi kuwaita watu wa Daraja la Pili. Hiyo si kweli. Mwezi wa Mei 1954, huko Budapest, siku Uingereza ilipopigwa na Hungary kwa magoli 7 kwa 1, mchezaji wa katikati mbele alikuwa Bedford Jezzard wa Fulham. Fulham wakati ule ilikuwa katika Daraja la Pili, na Jezzard huyo ndiye aliyecheza bega kwa bega na Rowley miaka michache kabla. Mwaka 1959 waliitwa wengine, na mmoja wao alikuwa Brian Clough wa Middlesbrough, klabu ya Daraja la Pili vile vile. Mlango, basi, ulikuwa wazi, na watu walipita. Kwa nini Rowley hakupita, kamati haikutoa sababu, kwa kuwa kamati za namna ile hazikuwa na desturi ya kutoa sababu. Labda waliutazama uzito wake. Labda walikuwa wakiukumbuka ule msimu wa Fulham, ambao ulikuwa umepita zamani. Mtoto asiyepewa karatasi ya mtihani hawezi kuambiwa kwamba ameshindwa mtihani.

Jambo hili laonekana zaidi mwaka 1958. Tommy Taylor amekwisha kufa, na Kombe la Dunia linakuja huko Sweden. Rowley yuko katika Daraja la Kwanza, msimu ule ametia magoli 20 katika michezo 25. Kweli, umri wake ulikuwa miaka 32, na mtu mzito wa miaka 32 si mtu wa kukimbizana na vijana. Hata hivyo Uingereza ilikwenda bila yeye, ikacheza michezo mitatu ya kundi lake bila kushinda hata mmoja, yote sare, kisha ikafungwa na Urusi 1 kwa 0 katika mchezo wa kuamua. Hakuna ajuaye kama angeweza kuleta lile goli moja lililokosekana, wala si haki kudai hivyo.

Mwaka huo huo, 1958, Leicester ikamwuza. Alikuwa amekwisha kuitilia magoli 265 ukihesabu na yale ya Kombe, na idadi kubwa kuliko zote katika klabu ile ilikuwa 273, ya Arthur Chandler. Yalibaki manane kuifikia. Wengine wangengoja, hata kwa kuomba, ili jina lao liandikwe juu kabisa. Rowley akaenda zake Shrewsbury Town, katika Daraja la Nne lililokuwa likianza mwaka huo, awe mchezaji na msimamizi wa timu pamoja. Asije mtu akadhani ya kuwa alifuata fedha. Sheria ya ligi ilikuwa ikizuia mchezaji ye yote kupata zaidi ya pauni 20 kwa juma, wala sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1961.

Uwanja wa Shrewsbury ulikuwa ukingoni mwa mto Severn. Mpira ukipigwa juu ya ukuta uliangukia majini, na klabu ilikuwa na mtu wake mwenye kidau cha duara, chepesi, cha namna ya kale katika nchi ile, ambaye kazi yake siku ya mchezo ilikuwa kuufuata mpira mtoni na kuurudisha. Mtu aliyezoea viwanja vya Daraja la Kwanza angeweza kuona kwamba amefika mwisho wa dunia. Rowley alitia magoli 38 katika msimu wake wa kwanza, na Shrewsbury ikapanda Daraja la Tatu. Msimu wa pili akatia 32. Yeye ndiye aliyechagua timu, ndiye aliyepima nani anunuliwe na nani auzwe, ndiye aliyewafundisha vijana katikati ya juma, kisha Jumamosi akavaa viatu akaingia uwanjani akafanya kazi ya mshahara wake wa zamani. Mtu akisema magoli yale yalikuwa mepesi kwa sababu walinzi walikuwa wa daraja la chini, na ajibiwe ya kuwa mpigaji naye alikuwa na umri wa miaka 32, 33, 34, mwenye mzigo wa klabu nzima kichwani.

Mwezi wa Aprili 1961, katika mji wa Bradford, Rowley alitia goli lake la 380 la ligi, akaipita hesabu ya Dixie Dean iliyokuwa imesimama tangu kabla ya Vita vya Pili. Kisha akaendelea. Msimu uliofuata alitia 23, na ule uliofuata 24, akiwa na miaka 37 ulipokwisha. Halafu 5, halafu 2, kama vile moto upunguavyo. Mwaka 1965 akaacha kucheza. Alisimamia timu nyingine baadaye, Sheffield United na Southend, kisha akarudi kukaa Shrewsbury, na huko akafa mwezi wa Desemba 2002.

Iko siku moja katika maisha ya ndugu hawa wawili, nayo ni tarehe 22 Oktoba 1955. Siku hiyo Arthur, akiichezea Leicester, alipambana na Fulham, klabu ile ile iliyomwuza, akatia goli lake la 200 la ligi. Jack siku hiyo alikuwa Plymouth, mbali sana kusini, anakaribia kumaliza kazi yake ya mpira, naye vile vile alitia goli lake la 200. Jack alifika hapo akiwa na michezo yake 6 ya taifa. Arthur alikuwa na magoli 234 bado mbele yake.